Wasomaji Wanauliza: Kompyuta ya marehemu baba na wakusanyaji wanaoitaka

SWALI: Ndugu mhariri, nakusalimu. Marehemu baba yangu alikuja Pennsylvania kusomea uhandisi wa umeme mwishoni mwa miaka ya 1970, akaoa na kubaki huku. Katika vitu alivyoacha tumekuta ubao wa saketi ulioandikwa KIM-1, wenye vitufe vidogo na tarakimu sita za taa nyekundu, pamoja na vitabu vyake vya maelekezo, daftari alilojaza kwa mkono, na sanduku la chuma la kutolea umeme alilolitengeneza mwenyewe. Rafiki wa familia ambaye ni fundi ameuwasha kwa pawasaplai ya kisasa, na unafanya kazi. Mama ameridhia tuuze. Mnunuzi mmoja anataka chipu moja tu, ile nyeupe, na yuko tayari kulipa leo. Mwingine anasema tubadilishe vipuri na kuuosha kwanza ndipo upate bei. Mdogo wangu naye amesoma kwamba kompyuta ya ubao mmoja ya mwaka 1976 iliwahi kuuzwa karibu dola milioni moja. Tumsikilize nani?
Msomaji, Philadelphia

JIBU: Ndugu msomaji, pokeeni pole zetu kwa msiba, wewe na mama na wadogo zako.

Nianze na la mdogo wako, kwa kuwa matumaini yasiyo na msingi ndiyo yanayovuruga mauzo ya namna hii kuliko kitu kingine chochote. Alichosoma ni kweli, ila kinahusu mashine nyingine. Ni Apple-1, kompyuta ya kwanza ya kampuni ya Apple, iliyouzwa kwa dola 666.66 mwaka 1976 na ambayo zilitengenezwa kama 200 tu. Moja kati ya hizo ilinunuliwa na jumba la makumbusho la The Henry Ford kwenye mnada wa mwaka 2014 kwa dola 905,000. KIM-1, nayo kompyuta ya ubao mmoja, ni ya mwaka huohuo na inatumia prosesa (chipu inayofanya hesabu) ileile ya 6502, lakini bei yake ilikuwa dola 245 na ziliuzwa maelfu. Kwa hiyo ni kitu cha thamani ambacho wakusanyaji wengi wanakitafuta, na bado hakiwezi kulinganishwa na Apple-1. Ili kujua bei ya leo, usitazame bei wanazotangaza wauzaji, maana kila mtu anaweza kutangaza anachotaka. Tazama orodha za mauzo yaliyokwisha kukamilika, na utenge zilizothibitishwa kufanya kazi na zile zisizojulikana hali yake.

Sasa hiyo chipu nyeupe. Huyo mnunuzi anajua anachokitaka. Prosesa za kwanza za 6502 zilifungwa katika kauri nyeupe, na zile zilizotoka kabla ya Juni 1976 hazikuwa na amri ya ROR, ile inayozungusha biti kuelekea kulia, kwa hiyo wakusanyaji huzithamini kama ushahidi wa siku za mwanzo kabisa za prosesa hiyo. Juu ya chipu utaona tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Zipige picha iliyo wazi, pamoja na nembo iliyo kwenye ubao, kwa sababu kampuni ya MOS Technology ya huko kwenu Pennsylvania ilinunuliwa na Commodore mwaka 1976, na ubao wenye nembo ya MOS ni wa kabla ya ule wenye nembo ya Commodore. Mkiitoa chipu hiyo mtabaki na ubao usiowaka, na yule aliyeichukua atakuwa ameondoka na sehemu kubwa ya thamani. Mwambieni kwa heshima kwamba mnauza kitu kizima.

Ushauri wa yule wa pili ni wa hatari zaidi, ingawa huenda aliutoa kwa nia njema. Mkusanyaji analipia uasili: vipuri vilevile, risasi ileile ya kulehemu, hata vumbi lililoganda pembeni analiona kuwa afadhali kuliko alama ya mkono wa fundi wa juzi. Futeni vumbi kwa brashi laini iliyo kavu, na meno ya shaba yaliyo ukingoni mwa ubao myapanguse taratibu kwa kitambaa chenye spiriti safi. Maji, sabuni na kifutio cha penseli visiukaribie. Msibadilishe chipu yoyote, hasa zile mbili zilizoandikwa 6530-002 na 6530-003. Ndani yake kiwandani ilichapwa programu inayosoma vitufe na kuwasha tarakimu, na pasipo programu hiyo ubao hauna uhai. Hazitengenezwi tena. Wanaotengeneza nakala za KIM-1 siku hizi hulazimika kutumia chipu za aina nyingine mahali pake, na ndiyo maana mnunuzi makini atazitazama hizo kabla ya yote.

Kwa sababu hiyohiyo nakusihi usiunganishe sanduku la chuma la baba. Sina shaka na ufundi wake, ila kapasita za miaka 40 na zaidi huchoka, na umeme ukipanda mno juu ya volti 5 unaweza kuua chipu ambazo hazina mbadala. Liuzwe pamoja na ubao likiwa na karatasi iliyobandikwa juu yake: halijawashwa, lisiwashwe kabla ya kupimwa.

Neno "inafanya kazi" halimtoshi mkusanyaji, anataka kuona. Taa zikiwaka bado hajajua kama kumbukumbu inahifadhi kitu wala kama prosesa inahesabu. Rekodini video isiyokatwa, ikionyesha multimita (kipimo cha umeme) ikisoma volti 5, kisha mkono ukifanya jaribio lifuatalo, ambalo limetokana na mfano wa kwanza katika kitabu cha maelekezo cha mashine yenyewe. Swichi ya SST, ile ya kuendesha programu hatua moja moja, iwe imezimwa. Bonyezeni kitufe cha RS (kuanza upya), halafu AD (anwani), andikeni 0000, bonyezeni DA (data), ingizeni 02, kisha +, kisha 03, kisha +. Endeleeni na 18 A5 00 65 01 85 FA A9 00 85 FB 4C 4F 1C, mkibonyeza + baada ya kila jozi. Mwishoni bonyezeni AD, andikeni 0002, na GO (kuendesha programu). Mashine itakuwa imejumlisha 2 na 3, na tarakimu zitasomeka 0005 65: 0005 ndilo jibu, na 65 ni kile kilichomo katika kumbukumbu kwenye anwani ya 0005. Baada ya hapo bonyezeni 7, D na E, herufi na namba ambazo jaribio hilo halikuzigusa, kwa kuwa vitufe vya KIM-1 vinajulikana kuchakaa. Kama kuna kitufe kinachorudia rudia au kinachokataa, kitajwe waziwazi katika tangazo. Mnunuzi aliyeambiwa kasoro mapema hukubali bei. Aliyeigundua mwenyewe hurudisha mzigo.

Kuhusu vitabu, viambatane na ubao, maana seti kamili inatafutwa zaidi. Daftari ni jambo jingine. Kwa mkusanyaji lina thamani kwa kuwa linaonyesha mashine ilitumiwa na nani na kwa kazi gani, lakini kwenu ni mwandiko wa baba. Ningekuwa mimi, ningepiga picha kurasa zote, nikampa mnunuzi nakala hizo, na daftari lenyewe likabaki kwa mama. Sioni kwamba bei itapungua kiasi cha kujutia.

Mnayo bahati ya kuwa karibu na Wall, New Jersey, ambako hufanyika tamasha la kompyuta za kale liitwalo VCF East. Huko mnunuzi anaushika ubao, anauona ukifanya kazi, analipa na kuondoka nao. Mkilazimika kuutuma, ufungeni kwanza katika mfuko maalumu wa kuzuia umeme tuli, kisha sponji nene, kisha boksi ndani ya boksi, na mkate bima ya thamani yote. Andikeni pia alama za kila chipu kabla ya kufunga, ili mzigo ukirudishwa mjue kama ni uleule. Na yeyote atakayetuma cheki ya kiasi kikubwa kuliko bei, akaomba mrudishe chenji, mkatalieni hapohapo, maana cheki ya namna hiyo ikija kugunduliwa kuwa bandia, fedha mliyorudisha haipatikani tena.

SWALI: Mimi niko Leicester, Uingereza, nami ninayo KIM-1. Nikiipa volti 5 hakuna taa hata moja inayowaka. Je, niiuze kama mbovu?
Msomaji, Leicester

JIBU: Ngoja kwanza, kwa kuwa KIM-1 isiyo na kasoro inaweza kuonekana imekufa kwa sababu tatu ndogo. Haiwashi tarakimu zake mpaka ubonyeze RS. Pini ya A-K iliyo ukingoni ni lazima iunganishwe na ardhi, yaani pini ya A-1, ikiwa hujaongeza kumbukumbu ya nje. Na kama mwenye nayo wa zamani aliunganisha A-21 na A-V, mashine inasubiri kuzungumza na teletaipu (mashine ya kuchapa iliyounganishwa na kompyuta), si na vitufe. Hakikisha pia pawasaplai yako inatoa angalau ampea 1.2; umeme wa volti 12 ni wa sehemu ya kuhifadhi programu kwenye kaseti tu na hauhitajiki hapa. Ikiwa bado ni kimya, iuze bila kuilehemu, ukieleza ulichojaribu na ukionyesha picha za zile 6530 mbili, kwani wapo wenye ubao unaongoja chipu hizo tu.