Wamevumbua, wamegundua ama wamezua? Swali kutoka Mukono

Swali la leo limetoka Mukono, hapa Uganda, kwa dada mmoja anayesoma masters ya mikrobayolojia, elimu ya vijidudu. Chuo sikitaji. Barua yake ilikuwa ndefu, nimeipunguza ikabaki hivi:

"Mwalimu, habari za siku nyingi. Idara yetu ilipima maji ya visima kwenye vijiji viwili, tukakuta bakteria ambao dawa za kawaida haziwaui. Profesa akaniambia niandike ukurasa mmoja wa kuwagawia wenyeji, kwa Luganda na kwa Kiswahili kwa sababu pale kuna watu wengi waliohamia. Ya Luganda haikuleta shida. Ya Kiswahili nikaweka kichwa, Watafiti wavumbua bakteria sugu katika visima. Kesho yake mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akapiga simu kwa hasira, ati mmetengeneza bakteria alafu mkaja kuwajaribia kwenye visima vyetu? Profesa anasema Kiswahili changu ni cha kuokota. Rafiki yangu aliyesoma Dar anasema kamusi iko upande wangu. Mwalimu, nani yuko sawa?"

Banange! Pole dada. Rafiki yako yuko sawa, na mwenyekiti naye yuko sawa, na hapo ndo ugumu ulipo.

Tuanze na huyo rafiki. Kuvumbua ni neno la jikoni kabla halijawa neno la maabara. Kuna kitenzi kuvumbika, yaani kukifukia kitu kwenye majivu ya moto au kwenye udongo ama majani, muhogo unauvumbika jivuni uive taratibu, ndizi mbichi unazivumbika zipate kuiva. Sasa Kiswahili kina mtindo wa kuchukua kitendo na kukigeuza kinyume kwa kuweka -ua mwishoni, unafunika unafunua, unaziba unazibua, unafumba unafumbua, unatega unategua. Basi unavumbika, alafu unavumbua, unafukua majivu na muhogo wako huo hapo, ulikuwepo muda wote ila ulifichika. Waganda wanaonisoma hapa washaanza kutabasamu maana wana okuvumbika na okuvumbula, ni maneno ya ukoo mmoja. Kwa hesabu hiyo ukisema watafiti wamevumbua bakteria kisimani umesema wamewafukua walipojificha, na huna kosa hata moja.

Shida ni kwamba mwenyekiti hakusoma kamusi, na hata angesoma, maneno hayakai pale yalipozaliwa. Sikiliza redio wiki moja tu uhesabu mara ngapi utasikia mvumbuzi akimaanisha mtu aliyetengeneza kitu kipya. Mvumbuzi wa simu, mvumbuzi wa ndege, kijana fulani kavumbua mashine ya kumenya karanga, mashindano ya wavumbuzi wachanga. Hiyo maana ya kuleta kitu ambacho hakikuwepo imekuwa kubwa mpaka imeimeza ile ya kufukua muhogo, na kamusi zenyewe zinayaweka vumbua na gundua karibu karibu, unaambiwa hili ni kama lile. Kwa hiyo mwenyekiti kasikia kile ambacho watu wengi wa leo wangesikia. Kasikia mmeunda bakteria. Mi ningekuwa mwenyekiti na kisima ni cha kijiji changu ningepiga simu hiyo hiyo, tena usiku.

Kwa habari kama yako neno salama ni kugundua. Zamani gundua lilikuwa pia na maana ya kumshtukiza mtu, kumkuta kabla hajajiweka sawa, na mi napenda ladha hiyo bado imo ndani yake kwa mbali, kwamba kitu kilikuwepo kinaendelea na mambo yake, wewe ndo umekikuta. Chukua mfano wa hapa hapa kwetu. Kituo cha utafiti wa virusi kule Entebbe kilianzishwa 1936 kwa ajili ya homa ya manjano, na 1947 watafiti walikuwa wameweka nyani kwenye vizimba juu ya miti katika msitu wa Zika, wanangoja kuona kama mbu watawaletea hiyo homa ya manjano. Nyani mmoja akapata homa, kupima damu yake wakakuta kirusi kingine kabisa, na kikapewa jina la msitu. Hiyo ni kugundua kwa maana kamili, walitafuta kitu kimoja wakakutana na kingine. Sasa andika Zika ilivumbuliwa Uganda 1947 uone, kuna watu hadi leo wataichukua sentensi hiyo kama ushahidi kwamba ugonjwa ulipikwa Entebbe. Na kweli umewapa maandishi.

(Kabla sijasahau, ni kirusi kimoja, virusi vingi. Najua wengi wanasema virusi hata kwa kimoja na sigombani nao sana, ila kwenye karatasi ya chuo andika vizuri.)

Ila hata kugundua si kila mahali, kwa sababu lazima ujiulize kilikuwa kimefichika kwa nani. Vitabu vya shule vimetuimbia kwamba Speke, yule msafiri Mwingereza, alivumbua chanzo cha Nile pale Jinja 1862, sasa Wasoga waliokuwa wanachota maji na kuvua samaki pale pale walikuwa wanafanya nini, wamelala? Kwa Speke mi naandika alifika, alipaona, na akitaka zaidi nampa alipaandika kwenye ramani ya Wazungu. Vivyo hivyo daktari Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala. Utasoma kwamba aligundua saratani ya taya ya watoto, ile inayobeba jina lake mpaka leo. Kina mama walikuwa wanaiona ile mivimbe kabla hajatua Uganda. Alichofanya, na ni kazi kubwa wala sipunguzi, aliona kwamba mivimbe iliyokuwa inahesabiwa kama magonjwa tofauti ni ugonjwa mmoja, akaueleza kwa maandishi 1958, alafu 1961 akazunguka nchi kadhaa za Afrika kwa gari maili kama 10,000 kuuliza hospitali moja moja unapatikana wapi na wapi haupo. Hapo kitenzi kizuri ni aliueleza, au aliubainisha. Hakipigi kelele lakini kinasema kweli.

Na si kwamba watu wa vijijini kazi yao ni kuelezwa tu. Mwaka 1959 kulizuka homa kaskazini mwa nchi, viungo vinalegea na kuuma vibaya sana, Waacholi wakaiita o'nyong-nyong, na wanasayansi walipokipata kirusi chenyewe wakaona jina la wenyeji linatosha. Mpaka leo maabara yoyote duniani inakiita hivyo.

Nimeandika kulizuka, tusimame hapo maana kuna shimo ambalo Waganda wanatumbukia kuliko jirani zao wote. Kwa Luganda kugundua ni okuzuula. Mtu akiwa na haraka anachukua okuzuula yake anaivalisha nguo za Kiswahili, anatoka na wamezua. Mimi nimeshawahi kusahihisha tangazo limeandikwa madaktari wamezua ugonjwa wa Ebola wilayani! Kwa Kiswahili kuzua ni kuanzisha jambo ambalo halikuwepo, na mara nyingi jambo lenyewe baya, unazua ugomvi, unazua uvumi, na anayezoea kufanya hivyo tunamwita mzushi. Ugonjwa unazuka wenyewe. Daktari akiuzua inabidi polisi waje. Tangazo halikutoka, nililikuta bado kwenye kompyuta, lakini nilitoka jasho.

Kubuni nalo lina meno mawili. Watafiti wamebuni njia ya bei nafuu ya kusafisha maji, safi kabisa, ni sifa kwao. Watafiti wamebuni matokeo, hao wafukuzwe kazi. Kitenzi kile kile! Ni kwa sababu kubuni ni kutoa kitu kichwani mwako, na kitu cha kichwani kikiwa mashine tunakupigia makofi, kikiwa takwimu tunakupeleka kwenye kamati ya nidhamu. Kwa hiyo angalia kinachofuata baada ya kitenzi. Njia, chombo, mfumo, programu, hivyo vinabuniwa. Data, ripoti, ushahidi, usithubutu. Na kitu cha kushikika ambacho hakikuwepo kabisa, kama lile gari la umeme la Kiira EV ambalo wanafunzi na walimu wa Makerere walilitoa 2011, mi nasema waliliunda. Ukitaka kusema walilivumbua sikukatazi, ila magari ya umeme yalikuwepo duniani miaka mingi, hili lilikuwa la kwanza kwao, waliliunda kwa mikono yao na neno hilo lina heshima ya kutosha.

Rudi kwa mwenyekiti kidogo, alisema kuwajaribia. Hilo hukulitumia wewe, amelitoa yeye mwenyewe, ina maana hofu ilikuwepo tayari kabla hujaandika chochote. Watu wakisikia chuo wanafikiria kujaribiwa. Nilifuatilia sana lugha ya redio mapema mwaka 2025 wakati Ebola ya aina ya Sudan ilipotangazwa Kampala na majaribio ya chanjo yakaanza ndani ya siku chache, Makerere na kile kituo cha virusi cha Entebbe wakiwa ndo wanaongoza. Ukisema chanjo inajaribiwa kwa watu, msikilizaji anajiona panya. Ukisema watu waliokubali wenyewe wanapewa chanjo ili ijulikane kama inawakinga, ni jambo lile lile, sentensi imekuwa ndefu lakini mtu kabaki mtu. Na tafadhali usichanganye majaribio na majaribu, majaribu ni ya Shetani na ya maisha, nimeona ripoti imeandikwa majaribu ya chanjo yamefaulu nikasema amina.

Kuna kingine kwenye ukurasa wako dada ambacho hukuniuliza lakini umenitumia picha yake kwa hiyo umejitakia. Umeandika utafiti umethibitisha kwamba maji haya husababisha kuhara. Mlipima watu? Kwa maelezo yako mlipima maji tu. Thibitisha ni neno zito, ni la mahakamani, ukilitumia leo na mwakani idara nyingine ikaja na majibu tofauti mwenyekiti atasema hawa watu ni waongo wote. Kiswahili kina ngazi hapo, utafiti unadokeza, unaonyesha, unaunga mkono, na juu kabisa ndo unathibitisha, wewe panda mpaka pale ulipofika. Na husababisha nalo libadilishe, sema yanaweza kusababisha, kama hilo ndo mnalolijua.

Utafiti mmoja tafiti mbili, swali hilo huwa linanifuata kila mahali. Kuna walimu wanasema utafiti hauna wingi, mi tafiti natumia, magazeti yanatumia, tuendelee.

Sasa ukurasa wako. Mi ningeandika kichwa hivi: Bakteria wasiosikia dawa za kawaida wapatikana katika maji ya visima. Umeona, watafiti nimewatoa kabisa, hakuna aliyevumbua wala kugundua, bakteria wamepatikana, na neno sugu ambalo kwa wengi ni la kwenye magoti nimelifungua. Chini yake weka: Tulichota maji kwenye visima hivi, tukayapima chuoni, tukakuta bakteria hawa. Hatujui walifikaje humo. Chemsheni maji ya kunywa. Ukiweza taja kila kisima kwa jina ambalo wenyeji wanakiita, si kwa namba zenu za GPS, kwa sababu mama akisoma kisima namba 7 hatajua kama ni kile anachochota yeye.

Na huyo mwenyekiti usimtumie hiyo karatasi kwa WhatsApp, mpelekee mkononi, mkae, aisome mbele yako kabla haijaenda kwa watu wengine. Akikwama kwenye neno liandike pembeni, alafu nitumie na mimi.