Bastola ya leseni kwenye baridi la Mbeya: usijaze maganda, linda risasi ulizonazo

Mkuu, umeuliza uanzeje kujaza upya maganda ya 9mm nyumbani kwako Uyole, kwa sababu bastola unaimiliki kihalali na bei ya boksi la risasi imekushinda. Usianze. Leseni uliyonayo ni ya kumiliki silaha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka anayetengeneza risasi awe na kibali chake, na kuunganisha ganda, fataki (kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa ni kutengeneza, hata zikiwa risasi kumi za kwako mwenyewe. Leseni ikifutwa kwa ajili ya hilo, hata zile ulizonunua dukani hutakuwa nazo.

Ukiiweka sheria pembeni, bado kuna hesabu ya presha. Risasi ya 9x19, ndiyo hiyo 9mm yako, kwa viwango vya Ulaya vya CIP inaruhusiwa kufika baa 2,350 ndani ya chemba, yaani tundu la mtutu risasi inamokaa ikipigwa. Tairi la gari dogo lina baa mbili na kidogo. Presha hiyo yote inatoka kwenye baruti isiyofika nusu gramu, kwa hiyo kosa la sehemu ya kumi ya gramu ni kosa kubwa. Wamarekani wanaojaza nyumbani wana maduka yanayouza baruti iliyoandikwa aina yake kwenye kopo, na majedwali yanayotaja uzito wa kila aina kwa kila kichwa. Huku hivyo havipo. Mtu asikudanganye kwamba baruti ya gobore au vilipuzi vya machimboni Chunya vinaweza kuchukua nafasi yake. Cha machimboni kimetengenezwa kupasua mwamba, na bastola itapasuka kabla ya mwamba.

Hata hivyo, haja yako ni ya kweli: hutaki risasi ulizolipia zikuharibikie. Ukanda wetu unaziharibu kweli, na hapo kuna mengi ya kufanya bila kuvunja sheria.

Adui wa kwanza ni umande unaojitengeneza kwenye chuma. Watu wengi wanaogopa mvua, lakini bastola iliyolowa utaiona na utaifuta. Umande huuoni. Chukua usiku wa Juni au Julai hapa Mbeya, chumba kimeshuka nyuzi 8, na bastola iko kwenye kabati ikiwa na ubaridi huohuo. Asubuhi unaileta sebuleni ambako jiko linawaka na chai inachemka, hewa ina nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 70. Hewa ya namna hiyo huanza kudondosha maji kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 14 hivi. Bastola yako yote iko chini ya hapo: maji yatakaa juu ya slaidi (chuma cha juu kinachovutwa nyuma ili kukoki), ndani ya mtutu, kwenye springi ya magazini na kuzunguka fataki za risasi. Baada ya dakika ishirini chuma kimepata joto, nje kumekauka, unadhani hakuna kilichotokea. Ndani ya magazini bado kuna maji.

Safari ya Kyela inafanya hivyohivyo, na kwa ukali zaidi. Unatoka Uyole alfajiri na baridi, unapita Isyonje na Tukuyu kwenye ukungu, unateremka mpaka ziwani kwenye joto na hewa nzito. Ukitoa bastola kwenye mkoba mara tu unapofika, itatoka jasho mkononi mwako. Iache ndani ya mkoba uliofungwa, ukiwa nao mwilini au kwenye sanduku la kufuli, saa moja hadi mbili mpaka joto la chuma lilingane na la hewa. Kurudi juu hakuna shida hiyo, kwa kuwa chuma cha moto kikiingia kwenye hewa baridi hakikusanyi maji. Shida ya kurudi ni jasho la mwili lililoingia kwenye mkoba huko chini, nalo lina chumvi.

Mkoba wa ngozi ni mzuri kwa kubebea na mbaya kwa kuhifadhia. Ngozi inashika unyevu, na dawa iliyotumika kuilainisha inakula shaba. Risasi zikilala miezi kwenye mkanda wa ngozi utaziona zimeota ukijani shingoni mwa ganda. Sponji la masanduku ya plastiki nalo hunywa maji na kuyatunza. Nyumbani, bastola ikae kwenye sefu iliyofungwa kwa bolti kwenye ukuta wa ndani, wala si ukuta unaopigwa na mvua kutoka nje, na chini yake pawe na mbao ili isigusane na sakafu ya saruji. Risasi zibaki kwenye boksi lake la kiwandani, kwa sababu boksi hilo lina namba ya toleo. Likitokea tatizo utajua ni toleo gani, na utaweza kutenga zote. Boksi liingie kwenye kopo la chuma lenye mpira kwenye mfuniko.

Ndani ya kopo weka silika jeli. Zile pakiti ndogo za kwenye viatu vipya mara nyingi zimeshashiba maji kabla hujazipata, kwa hiyo usizitegemee. Tafuta punje zenye rangi. Za chungwa hugeuka kijani au nyeusi zikishiba, za bluu hugeuka waridi. Gramu 50 zinatosha kabisa kwa kopo la lita tano hadi kumi, mradi hulifungui kila siku. Zikibadilika, zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili hivi, au kwenye sufuria kavu isiyotumika tena kwa chakula, juu ya moto mdogo, ukizigeuza mpaka rangi irudi. Za bluu zina kobalti, ni sumu, usizishike kwa mkono mtupu. Usiweke chumvi badala yake. Chumvi inavuta maji kweli, halafu inayeyuka na kukula chuma. Lengo ni unyevu usiozidi asilimia 50, kwa sababu ukivuka 60 kutu huanza kwenda kasi. Kipima unyevu kidogo cha betri kinasaidia sana hasa Tukuyu, Mufindi na Makete, ambako ukungu unaingia mpaka ndani ya nguo kabatini.

Usikimbie unyevu ukaangukia joto. Darini chini ya bati, karibu na bomba la jiko, ndani ya gari lililoanikwa juani, huko baruti inazeeka. Ina dawa inayozuia isijioze, na kila joto kali hupunguza dawa hiyo.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo wenye bastola za kujilinda hulifanya kila siku bila kujua madhara yake. Jioni unatoa risasi chemba, asubuhi unairudisha ileile juu ya magazini na kukoki tena. Kila slaidi inapopiga, kichwa cha risasi kinagonga njia ya kuingilia chemba, na kidogokidogo kinasukumwa ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua, na nafasi ikipungua presha inapanda. Inapanda haraka kuliko mtu anavyodhania: kichwa kikizama kwa kiasi kisichofika hata milimita moja, risasi ya kawaida inaweza kuvuka kikomo cha bastola. Matokeo yake ni ganda kupasuka kwenye kitako, magazini kurushwa chini, na vidole kuumia.

Kuipima ni rahisi. Nunua venia kalipa, kile kipimo cha mafundi cha kupimia sehemu za milimita, hata ya bei ndogo. Pima risasi mpya tano za boksi hilohilo ambazo hazijawahi kuingia chemba, uandike urefu wake. Kwa 9x19 urefu wote hauruhusiwi kuzidi milimita 29.69, na nyingi za kiwandani zipo chini kidogo ya hapo. Usizilinganishe na za kampuni nyingine, kwa sababu umbo la kichwa linatofautiana. Risasi iliyopita chemba ikiwa fupi kwa robo milimita au zaidi, itenge. Na usiirudishe chemba risasi moja mara nyingi: ikishaingia mara mbili au tatu, iweke kwenye kundi la kupigwa mazoezini. Kama unaweza kuifungia bastola ndani ya sefu bila kuigusa, usiku hadi asubuhi, tatizo hili linaisha lenyewe.

Kabla ya mvua kuanza kila mwaka, yaani Oktoba hivi, mwaga risasi zako zote kwenye kitambaa cheupe mchana na uzikague moja moja. Ukijani mwepesi unaofutika kwa kitambaa kikavu hauna neno. Ukifuta ukaona vishimo kwenye shaba, hiyo imekufa. Pitisha kidole kwenye kitako: fataki inapaswa kulala sawa na kitako au kuzama kidogo, ikijitokeza juu usiitumie. Kichwa kikizunguka kwa vidole, kimelegea. Usizipake mafuta wala kuzisafisha kwa mafuta ya taa, kwa kuwa mafuta mepesi hupenya pembeni mwa fataki na yanaweza kuiua. Zile ulizokuwa ukizibeba kwenye magazini mwaka mzima ndizo zitangulie kupigwa kwenye mazoezi, kisha ujaze magazini kutoka kwenye boksi.

Usafi wa bastola yenyewe unaanza na mpangilio. Toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi. Ukigeuza mpangilio huo, slaidi itatoa risasi ya kwanza na kupandisha ya pili, na wewe utadhani chemba ni tupu. Tazama kwa jicho, kisha ingiza ncha ya kidole. Risasi zote zitoke zibaki chumba kingine. Ukishaifungua, pitisha brashi ya shaba yenye dawa ya kusafishia kutoka upande wa chemba kwenda mdomoni, mara kumi hivi, halafu vitambaa vya pamba mpaka kimoja kitoke cheupe. Ukikosa dawa, mafuta ya taa yanaondoa masizi vizuri, ila yanakiacha chuma uchi, lazima kifuatie mafuta siku hiyohiyo. Petroli usiitumie, mvuke wake unadaka moto mbali na ulipo.

Mafuta ya cherehani yanafaa. Tone moja kwenye kila reli ya slaidi, na utando mwembamba nje ya mtutu. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi, na ya injini ni mazito mno kwa asubuhi za Njombe. Njia ya pini ya kufyatulia, ndani ya magazini na ndani ya chemba pabaki pakavu. Chemba yenye mafuta inaliacha ganda liteleze na kusukuma slaidi kwa nguvu zaidi ya ilivyopangwa. Ukienda Usangu kwenye mpunga au Chunya wakati wa kiangazi, punguza mafuta hata zaidi, maana vumbi likichanganyika nayo linasaga chuma kama msasa. Bastola ikinyeshewa, fungua na magazini pia, maana maji hujificha chini ya springi. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula. Masizi ya fataki yana madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, na watoto ndio wanaoumizwa nayo zaidi.

Kwenye uwanja wa mazoezi kuna sauti mbili za kuzitega sikio. Ukibonyeza ikasikika tiki bila mlio, usiigeuze uitazame. Ielekeze kule salama, hesabu sekunde 30, toa magazini, kisha uitoe hiyo risasi. Ukisikia mlio dhaifu, kama pumzi, usipige nyingine kabisa. Kichwa kinaweza kuwa kimebaki katikati ya mtutu, na kitakachofuata kitaupasua. Toa magazini na risasi zote, fungua, pitisha fimbo. Ikigoma kupita, mpelekee fundi mwenye kibali, usiigonge mwenyewe.

Risasi ulizozikataa usizitupe chooni wala kwenye shimo la taka. Taka huchomwa, na risasi ikiwa motoni ganda hupasuka na vipande vyake vya shaba huruka. Wala usizivunje ili upate baruti. Ziweke kwenye mfuko wake ulioandikwa, zihesabu, uzipeleke kituo cha polisi unakohuishia leseni ukiwa na leseni yenyewe, na uombe maandishi kwamba wamezipokea, ili idadi iliyo kwenye kumbukumbu zako ilingane na iliyo kwenye sefu siku watakapokuja kukagua.