Maana ya "weil. Bgr. u. Schneidermstr."

Dada, hayo maneno uliyoyakuta mbele ya jina la baba wa bibi harusi kwenye kitabu cha ndoa cha kanisa, ukoo wa mumeo kule Ujerumani, ukiyafungua ni "weiland Bürger und Schneidermeister". Wengi hukwama kwenye "weil.", maana Kijerumani cha leo neno hilo ni "kwa sababu". Hapo ni "hayati": baba wa bibi harusi alikuwa ameshafariki siku ile, basi tafuta kifo chake miaka ya nyuma.

"Bürger", yaani raia mwenye haki za mji, usiliruke. Si kila mkazi wa mji alikuwa na haki hiyo, na waliopewa waliandikwa kwenye daftari la mji, Bürgerbuch. Ulizia hilo.

Schneidermeister ni fundi mkuu wa kushona nguo. Kabla ya hapo mtu alikuwa Lehrling (mwanagenzi), kisha Geselle, fundi aliyehitimu ila bado hajawa mkuu. Kwa hiyo "Ges." wa mwanzo na "Mstr." wa baadaye huenda ni mtu yule yule, usimgawe wawili!

Ukiona kistari juu ya m au n, soma herufi mbili. "Zimerman" yenye vistari ni Zimmermann, seremala.