Panga Safari ya Vietnam kwa Kalenda ya Mwezi

Safari yetu ya kwanza ya Vietnam niliipanga kwa kalenda ya ukutani, ile inayogawiwa na benki kila Desemba, na hapo ndipo nilipokosea. Likizo ya mume wangu iliangukia mwishoni mwa Januari, tiketi za kupitia Doha zilikuwa na nafuu, na wakala aliyetuandalia safari hapa Dar es Salaam hakutudokeza kwamba siku tutakayofika Hanoi ni mkesha wa Tết, yaani mwaka mpya wa Wavietnam. Tulikuta maduka yamefungwa, makumbusho yamefungwa, treni ya kwenda Hue imejaa tangu wiki nyingi nyuma, na jiji ambalo nilikuwa nimesoma kwamba pikipiki zake hazimpi mtu nafasi ya kuvuka barabara likiwa kimya kama Kariakoo asubuhi ya Idi. Watu walikuwa wamekwenda makwao, kama Wachaga wanavyopanda Kilimanjaro mwisho wa mwaka, na utamaduni tuliousafiria maelfu ya kilomita ulikuwa umeingia ndani ya nyumba na kufunga mlango.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba mlango ule haukufungwa kwa ubaya. Wavietnam wengi huamini kwamba mtu wa kwanza kuvuka kizingiti cha nyumba baada ya saa sita ya usiku wa Tết ndiye anayeleta heri au nuksi ya mwaka mzima, desturi wanayoiita xông đất, kwa hiyo wenye nyumba humchagua mapema mtu ambaye mambo yake yamenyooka na kumwomba aje. Mgeni anayepitapita asubuhi hiyo akichungulia nyua za watu kutafuta picha hawezi kufurahiwa. Watoto hupewa bahasha nyekundu zenye pesa, kama wetu wanavyopewa mkono wa Idi, na hakuna anayefagia siku ya kwanza, asije akaitoa bahati nje pamoja na vumbi. Yote hayo yalikuwa yakitendeka hatua chache kutoka hotelini kwetu, nasi tumekaa kitandani tunakula biskuti.

Kwa sababu hiyo nawashauri wanaotaka kwenda kuuona utamaduni wa nchi ile, na si fukwe zake tu, waitafute kalenda yake ya mwezi kabla hata ya kutazama bei ya tiketi. Sisi tuliolelewa Pwani hatuhitaji kufundishwa kuhesabu mwezi mwandamo, lakini kuna tofauti mbili zinazoweza kumpoteza mtu. Kwanza, mwezi wao huanza siku ile mwezi unapokuwa umefichika kabisa na haungojewi uonekane, kwa hiyo tarehe yao huitangulia yetu ya Kiislamu kwa siku moja au mbili. Pili, kila baada ya miaka miwili au mitatu wao huongeza mwezi wa 13, na ndiyo maana Tết haitoki kati ya Januari 21 na Februari 20 au karibu na hapo, ilhali Ramadhani huzunguka mwaka mzima. Mwaka 2026 kalenda hizo mbili zilikutana: Tết iliangukia Februari 17, na Ramadhani ikafuata mara moja.

Ukishaijua hesabu hiyo, siku zinajipanga zenyewe. Usiku wa tarehe 14 ya kila mwezi, mji wa kale wa Hoi An hupunguza taa za umeme na kuwasha za karatasi na hariri. Tarehe 1 na 15, Wabudha wengi hujizuia kula nyama na huenda hekaluni na udi na maua. Tarehe 15 ya mwezi wa nane ni sikukuu ya watoto, ambao hutembea mitaani na taa zao. Mwezi wa kwanza, baada ya Tết kupita, vijiji vya kaskazini huwa na matamasha mfululizo, na katika mkoa wa Bac Ninh ndipo huimbwa quan họ, ushairi wa kujibizana kati ya wanaume na wanawake ambao ungewavutia sana wapenzi wetu wa malumbano. Mwenye hamu ya kuiona Tết yenyewe aende wiki mbili kabla, ashuhudie masoko ya maua ya mpichi na miti ya machungwa madogo ikibebwa juu ya pikipiki, na watu wakifunga bánh chưng, keki za mchele zinazochemshwa ndani ya majani usiku kucha. Akishaona hayo, aondoke kabla ya mkesha, isipokuwa kama amealikwa nyumbani kwa mtu.

Juu ya kalenda ya mwezi iwekwe ile ya mvua. Eneo la kati, yaani Hue na Hoi An, hulowa vibaya kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba, na mto Thu Bồn hufurika mara kwa mara mpaka ndani ya mji wa kale. Hanoi ya Januari ina baridi ya manyunyu inayoingia mifupani, na sweta moja ya Lushoto haitoshi. Machi na Aprili ndiyo miezi niliyoiona inafaa pande zote, na safari yetu ya pili, ambayo ndiyo hasa ninayoihesabu kuwa safari, tuliifanya Machi.

Safari hiyo tulikaa siku 14 katika miji mitatu tu. Nchi ile ni nyembamba na ndefu mno, reli ya kutoka Hanoi hadi Jiji la Ho Chi Minh ina zaidi ya kilomita 1,700 na treni hutumia zaidi ya saa 30, kwa hiyo anayetaka kuona kila kitu atakachokumbuka ni viti vya mabasi. Ghuba ya Ha Long tuliiacha makusudi. Ni nzuri, hakuna ubishi, lakini ni uzuri wa mawe na maji, nasi tulikuwa tumefuata watu.

Hanoi tuliipa siku sita. Mimi ni mwalimu, na mahali palipotushika zaidi ni Văn Miếu, hekalu la elimu lililojengwa mwaka 1070, ambako kuna mawe 82 yaliyobebwa juu ya migongo ya kasa wa mawe, yakiwa na majina ya waliofaulu mitihani ya kifalme kati ya 1442 na 1779. Wanafunzi huenda huko hadi leo kuomba heri kabla ya mitihani, na nilisimama pale muda mrefu nikiwafikiria watahiniwa wangu wa kidato cha nne. Jioni yafaa kuwaona vikaragosi wa majini, sanaa ya wakulima wa mpunga wa bonde la Mto Mwekundu, ambapo wachezeshaji husimama ndani ya maji nyuma ya pazia. Makumbusho ya Ethnolojia nayo yana nyumba halisi za baadhi ya makabila 54 ya nchi hiyo, na anayekusudia kwenda milimani kwa Wahmong na Wadao aanzie hapo, ili akifika asiwatazame watu kama mapambo.

Hue, makao ya wafalme wa Nguyễn tangu 1802 hadi 1945, ilituchukua siku tatu na zilitosha. Hoi An ndiyo iliyonishangaza, kwa sababu nilihisi nimefika nyumbani. Ni bandari ya pepo za msimu kama zilivyokuwa Lamu na Unguja: wafanyabiashara wa Kichina na Kijapani walishuka na upepo mmoja, wakakaa miezi wakingoja mwingine wa kuwarudisha, wakajenga nyumba, wakaoa, wakaacha daraja na kumbi za ukoo. Baadaye mto ukajaa mchanga, biashara ikahamia Da Nang, na mji ukabaki ulivyo. Usiku wa taa, hata hivyo, una msongamano wa kuchosha. Uende, lakini uamke siku inayofuata saa kumi na moja alfajiri ukaone soko la samaki, wakati mji ni wa wenyewe.

Chakula ndicho kilichonitia hofu, kwa kuwa sisi ni Waislamu na nyama ya nguruwe iko kila mahali. Neno la kulijua ni chay, maana yake chakula kisicho na nyama wala samaki. Mikahawa yenye neno hilo mlangoni ipo katika kila mji, na hata ule mchuzi wa samaki unaotiwa karibu katika kila kitu, wao huubadilisha kwa wa soya. Nguruwe huitwa lợn kaskazini na heo kusini, kwa hiyo yajifunze maneno yote mawili. Hanoi una msikiti katika mtaa wa Hàng Lược, uliojengwa 1890, na Jiji la Ho Chi Minh lina msikiti wa 1935 katika mtaa wa Đông Du, ambapo karibu yake hupatikana chakula cha halali. Kahawa nayo haina shida: hudondoka polepole kutoka kwenye kichujio kidogo cha bati, nyeusi na kali, na hunywewa kwenye vigoda vya chini kandokando ya barabara, kwa maneno mengi, kama kwenye vijiwe vyetu.

Viza hupatikana kwa mtandao. Tangu Agosti 2023 hutolewa kwa raia wa nchi zote, hadi siku 90, kwa dola 25 za kuingia mara moja, na yafaa kuomba katika tovuti ya serikali yenyewe kwa kuwa zipo nyingine zinazofanana nayo na kutoza zaidi. Kuhusu pesa, noti ya dong 20,000 na ile ya 500,000 zote zina rangi ya buluu. Mume wangu alilipia kahawa kwa ile kubwa, na muuzaji akatukimbilia hadi kona ya mtaa kuirudisha.

Kivietnam kina toni, na neno ma peke yake laweza kuwa mzimu, mama, kaburi au mche wa mpunga, kwa hiyo sikujidanganya kwamba nitakisema. Nilijifunza namba na maneno ya kuitana, nayo yalinifaa kuliko kitabu cha mwongozo. Wao hawana “wewe” moja ya kumwambia kila mtu. Humwita mtu babu, bibi, shangazi, kaka, dada au mdogo wangu kwa kulinganisha umri, kwa hiyo ukiulizwa una miaka mingapi usidhani umevunjiwa heshima. Anayejua uzito wa shikamoo hatapata tabu. Mama mmoja aliyeuza tambi karibu na hoteli yetu Hanoi aliniuliza umri wangu siku ya kwanza, akahesabu kwa vidole, akagundua ananizidi miaka miwili. Tangu hapo yeye akawa chị, dada mkubwa, mimi nikawa em. Siku ya tatu nilichelewa kuamka, na nilipofika kibandani kwake alininyooshea kidole saa ya ukutani kabla ya kuniwekea bakuli.