Maswali ya Wasomaji: Barua Imekaa Kwenye Simu Miaka Miwili

SWALI: Habari za kazi, washauri. Mimi ni karani wa hesabu kwenye kampuni binafsi, mwaka wa sita sasa. Kazi imenichosha kiasi kwamba Jumapili magharibi ikiingia, tumbo linaanza kunivuruga. Asubuhi nashuka daladala kituo kimoja kabla ya ofisi, nitembee, nichelewe hata dakika kumi. Barua ya kuacha kazi ninayo kwenye simu tangu mwaka juzi. Nikiifungua mikono inatetemeka, naifunga, naingia WhatsApp. Mume wangu anasema sina msimamo. Nifanyeje?
Mama D., Dar es Salaam

JIBU: Mama D., msimamo unao. Ulichonacho zaidi ni mazoea yaliyojijenga kwa sababu yanalipa. Kila unapoifunga barua, mapigo ya moyo yanashuka papo hapo, na akili inajifunza kwamba umepona kwa kuwa umekimbia. Safari ya pili hofu inakuja mapema zaidi. Ni kama mkopo wa kausha damu: nafuu unaipata leo leo, marejesho yanakufuata kila siku. Kile kituo kimoja cha daladala nacho ni marejesho.

Kosa la watu wengi ni kuifanya barua kuwa hatua ya kwanza, wakati ni karibu ya mwisho. Chukua daftari uandike hatua saba au nane zinazohusu kuondoka, kila moja uipe alama ya hofu kuanzia 0 hadi 10. Kwa mtu kama wewe orodha inaweza kuwa hivi: kuisoma barua yote bila kuigusa, 3. Kutafuta mkataba wako na kusoma kifungu cha notisi, 4. Kuandika CV upya, 5. Kumpigia mtu aliyekwisha kuondoka hapo ofisini, 6. Kutuma ombi moja la kazi, 7. Kuomba dakika 15 za meneja, 9.

Anza na ile ya 3. Fungua barua, weka simu nyingine mbali, isome mwanzo hadi mwisho, ukimaliza irudie. Mikono itatetemeka, iache itetemeke. Kaa hapo mpaka alama ishuke kufikia nusu, yaani 3 iwe moja na nusu hivi. Mara nyingi ni dakika kumi hadi ishirini, ingawa siku ya kwanza huenda zikazidi. Ukifunga hofu ikiwa bado kileleni, umeilisha. Rudia mara tatu au nne wiki hiyohiyo, ndipo upande ngazi inayofuata. Wala usisubiri ifike sifuri, maana haifiki, na anayeisubiri sifuri hatoki alipo.

Kabla ya kila hatua andika unachotabiri, kwa maneno kamili na kwa asilimia: “Nikimpigia aliyeondoka ataniona mbeya na ataipeleka habari ofisini, 70.” Ukimaliza, andika chini yake kilichotokea kweli. Usiruke sehemu hii. Hofu ina kumbukumbu mbaya, inakumbuka vitisho vyake na kusahau kwamba havikutimia. Utabiri wa tano au wa sita ukiwa kwenye karatasi utaanza kuuona mwenendo wake.

Mambo mawili huharibu kazi hii. La kwanza ni kuruka kutoka 3 hadi 9 siku uliyofokewa. Barua inayotumwa kwa hasira saa nne usiku ni kukimbia vilevile, ila kwa upande mwingine. La pili ni kujiegemeza: kumuuliza dada yako mara sita kama uko sahihi, au kuihariri barua mara ya arobaini ukijiambia unafanya kazi. Barua ya kuacha kazi ina mistari minne. Ikishakuwa na tarehe ya kuandikwa, tarehe ya mwisho wa kazi, sababu kwa kifupi na sahihi, imekamilika.

Kituo cha daladala tunakiweka mwanzoni kabisa, hata kabla ya ile ya 3, kwa kuwa ni cha kila siku na hakigharimu kitu. Kuanzia Jumatatu shuka mbele ya ofisi.

Jambo moja ulipime kwanza. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi huna raha hata na vitu ulivyokuwa ukivipenda nje ya kazi, usingizi umeharibika na mwili mzito karibu kila siku, muone daktari kabla ya kuamua lolote kuhusu ajira. Huenda hiyo ni sonona, na sonona huifanya kila kazi ionekane mbaya, na ukihama utahama nayo. Yakija mawazo ya kutaka kufa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, usiende peke yako.

SWALI: Naingiza mkononi shilingi 750,000 kwa mwezi, nina mke na watoto wawili. Niache kwanza ndipo nitafute kwa utulivu? Na kiinua mgongo changu cha miaka saba si kitanisogeza?
Baba wawili, Dodoma

JIBU: Kiinua mgongo kisahau. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, malipo yale ya mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, yanamhusu aliyeachishwa na mwajiri. Anayeacha mwenyewe haki zake kuu ni mshahara wa siku alizofanya kazi na fedha za likizo ambayo hakuichukua. Soma pia mkataba wako na mkataba wa hali bora (ule wa chama cha wafanyakazi na mwajiri), baadhi huahidi zaidi ya sheria. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo, fao la kupoteza ajira halikulengwa kwa aliyeacha kwa hiari.

Sasa tupige hesabu. Tuseme chakula 300,000, kodi 120,000, nauli 60,000, umeme na maji 45,000, ada 900,000 kwa mwaka yaani 75,000 kwa mwezi, mama kijijini 50,000. Jumla 650,000. Ukikaa nyumbani nauli inashuka hadi 20,000 ya kuzungukia usaili, inabaki 610,000. Tuseme kutafuta kunachukua miezi minne, ni 2,440,000. Kwa mshahara wako unabakiza 100,000 kwa mwezi, maana yake zaidi ya miezi 24 ya kuweka akiba bila mtu kuugua. Kwa hiyo jibu letu ni hapana: tafuta ukiwa kazini. Maombi mawili kwa wiki, siku na saa maalumu, hayahitaji utulivu wa kukaa nyumbani.

Halafu kuna vinavyosahaulika. Mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita kwa mpigo, angalia inaangukia mwezi gani. Kama uko kwenye mchezo wa kupeana fedha na zamu yako ilishapita, bado unadaiwa na wenzako hadi mzunguko uishe. Mkopo wa mshahara benki haufi na ajira. Omba taarifa ya deni lililobaki kabla ya kutoa notisi, na uulize marejesho yatakuwaje mshahara ukikoma kupita kwao. Kadi ya bima ya afya iliyolipiwa na mwajiri itakoma nawe, basi tibuni meno ya watoto mapema.

SWALI: Nimepata kazi mpya, wanataka nianze Jumatatu ijayo. Bosi wangu ni mtu wa maneno mengi, najua atanizungusha mpaka nibaki. Nimwambieje?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Anza na tarehe. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28 angalau, kwa maandishi, na mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Haihesabiwi ndani ya likizo. Ukiondoka bila kufanya kazi siku za notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata kwenye malipo yako kiasi ambacho ungelipwa kwa siku hizo. Waombe wapya wasogeze tarehe. Wengi hukubali, maana na wao hawapendi kukimbiwa.

Kwa bosi, tayarisha sentensi mbili na usiongeze ya tatu: “Mkuu, nimeamua kuondoka, siku yangu ya mwisho ni tarehe fulani. Naomba tupange namna ya kukabidhi kazi.” Akiuliza kwa nini, “Nimepata nafasi nyingine.” Akiongeza mshahara, akikumbusha alivyokulea kikazi, akinyamaza ili wewe ujaze kimya, rudi kwenye sentensi zilezile kwa sauti ileile. Kila sababu mpya unayompa ni mlango atakaoingilia. Fanya mazoezi kwa sauti mara tano na mtu anayejua kubishana. Mkononi uwe na nakala mbili za barua: moja yake, nyingine aisaini na kuandika tarehe aliyoipokea. Siku ya mwisho dai cheti cha utumishi, ni haki yako.

SWALI: Miezi mitatu sijalipwa na msimamizi ananishika-shika. Nataka niandike tu “naacha kwa sababu binafsi” niondoke. Kuna ubaya?
Binti, Arusha

JIBU: Upo, dada. Maneno hayo yatakufunga baadaye. Sheria inatambua mtu aliyelazimika kuacha kwa kuwa mwajiri aliifanya kazi isivumilike, na huhesabiwa kama ameachishwa. Ukiandika “sababu binafsi” umempa mwajiri utetezi kwa mkono wako. Kwanza andika malalamiko yenye tarehe, saa, mahali na aliyekuwepo, ubaki na nakala iliyopokelewa. Tunza ujumbe wa simu na taarifa za benki zinazoonyesha mishahara isiyoingia. Kisha nenda chama chako cha wafanyakazi au ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kabla ya kusaini chochote. Shauri la kuachishwa isivyo halali hufunguliwa ndani ya siku 30, madai mengine kama mishahara ndani ya siku 60. Kukushika-shika ni kosa la jinai pia, dawati la jinsia la polisi linapokea. Kama kubaki pale ni hatari kwako leo, ondoka leo, na barua uandike sababu yenyewe.