Usimkate Mjomba wa Pembeni: Pambizo la Kidijitali kwa Picha za Ukutani

"Mwanangu, na huyu mkono ni wa nani?"

Mama aliyeniuliza alikuwa amesafiri kutoka Tukuyu na fremu yake imefungwa kwenye kanga. Aliilaza juu ya kaunta, akaweka kidole kwenye kioo. Kweli, begani kwake kulikuwa na mkono: vidole vinne, saa ya chuma kwenye kifundo, na mwenye mkono hayupo. Mimi ndiye niliyemwondoa. Alikuwa kaka yake, amesimama mwisho wa mstari, na kati ya siku ile ya picha na siku mama alipoileta kusafishwa, kaka alikuwa ameshatangulia mbele za haki.

Nilikuwa sijamkata kwa makusudi. Picha ilitoka kwenye memori kadi ya kamera, na kamera nyingi za aina ile hutoa picha yenye uwiano wa 3 kwa 2. Fremu aliyonunua ilikuwa ya inchi 8 kwa 10. Ukitaka picha ile ijae fremu hadi ukingoni, kimo chake kikiwa inchi 8, upana unatakiwa uwe inchi 12. Fremu ina 10. Inchi mbili lazima ziende, moja kushoto na moja kulia, na kwenye picha za ukoo wetu pembeni ndiko wanakosimama wajomba, wakwe, na yule binti aliyechelewa kutoka jikoni. Niliburuta kisanduku cha kukatia, nikabonyeza, nikachapa. Sekunde kumi.

Tangu siku ile picha ya watu wengi siijazi fremu. Naiacha nzima, naipunguza kidogo, na nafasi inayobaki kati ya picha na fremu naigeuza kuwa pambizo. Mafundi fremu wa zamani pambizo hilo walilikata kwenye kadi nene kwa kisu kilicholazwa nyuzi 45, wakatoboa dirisha katikati na kuiweka picha nyuma yake. Kadi ya namna hiyo nimeitafuta hapa Mbeya mjini, Mwanjelwa na Kabwe, nikaishia kupata manila, ambayo ni nyembamba na inajikunja. Ndipo nikajifunza kulichora pambizo kwenye kompyuta na kulichapa pamoja na picha kwenye karatasi moja. Ni kazi ya robo saa, na unahitaji programu tu. Natumia GIMP, ambayo ni ya bure. Asiye na kompyuta anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii kwa Canva kwenye simu.

Anza na karatasi, usianze na picha. Watu wengi hufungua picha kisha wakahangaika kuizungushia mpaka. Fungua faili tupu lenye ukubwa wa fremu yako. Kwa fremu ya 10 kwa 8 iliyolala, weka pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 3000 kwa 2400, yaani pikseli 300 kwa kila inchi. Kisha ingiza picha kama leya, yaani tabaka, ya juu na uipunguze. Ile ya mama wa Tukuyu niliifanya inchi 7 na nusu kwa 5, sawa na pikseli 2250 kwa 1500. Kushoto na kulia zikabaki pikseli 375 kila upande. Juu na chini zilibaki 900 kwa pamoja, nami sikuzigawa nusu kwa nusu: juu nikaacha 405, chini 495. Ukiiweka picha katikati kabisa kwa rula, ikishatundikwa ukutani jicho litakwambia imeteleza chini. Ongeza kidogo upande wa chini, nayo inatulia. Jaribu zote mbili, zichape kwenye karatasi ya kawaida, zibandike ukutani, rudi nyuma hatua nne. Utaona mwenyewe.

Kumbuka pia kwamba mdomo wa fremu unameza karatasi. Zangu nyingi humeza karibu robo inchi kila upande, yaani pikseli 75. Kwa hiyo pambizo unaloliona jembamba kwenye skrini litakuwa jembamba zaidi likiwa ukutani. Ukijiuliza kama limezidi upana, mara nyingi halijazidi.

Sasa kivuli, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kazi nyingi ninazoletewa zinapoharibika. Programu karibu zote zina kitufe cha kuweka kivuli, na ukikibonyeza kivuli hutoka nje ya picha, upande wa chini kulia. Picha inaonekana kama kadi ya kuchezea iliyorushwa juu ya meza. Lakini pambizo halisi liko juu, picha iko chini yake. Dirisha limetobolewa kwenye kadi, na picha inachungulia kutoka ndani. Kivuli basi ni cha kadi, nacho huangukia juu ya picha, kwenye ukingo wake wa juu na, kama mwanga unatoka kushoto, ukingo wa kushoto pia.

Ukitaka kuelewa bila kompyuta, tafuta nyumba yoyote ya tofali za kuchoma huku kwetu, yenye kuta nene na madirisha yaliyozama. Simama nje saa nne asubuhi, angalia tundu la dirisha. Upande wa chini, pale mtu anapoweka kopo la maua, unapokea mwanga na unang'aa. Upande wa juu umeinama kuelekea chini, kwa hiyo una kiza. Ndivyo ilivyo kwa mkato wa nyuzi 45. Zungushia picha mstari wa pikseli 24 hivi, ambao ukichapwa ni kama milimita mbili, kuiga ule unene wa kadi uliokatwa. Mstari wa chini uache mweupe kabisa. Wa juu utie ukijivu mwepesi. Wa pembeni uweke katikati ya hizo rangi mbili, na kwenye kona ukate mshazari ili mistari ikutane kama vipande vya fremu vinavyokutana. Halafu kivuli chenyewe, ndani ya picha, kiwe laini na hafifu, kiasi kwamba mteja hakioni mpaka ukifute ndipo aseme kuna kitu kimepungua. Mteja akikiona kabla hujamwonyesha, kipunguze.

Rangi inahitaji uvumilivu. Kijana mmoja aliniletea picha aliyopiga Kitulo wakati wa mvua, ile nyanda ya juu ambayo watu huiita Bustani ya Mungu, maua ya manjano yametapakaa mpaka mlima unapoanza. Alitaka pambizo la manjano ya maua yenyewe. Nikamtengenezea, tukaangalia wote. Maua yalikuwa yamekufa. Pambizo lilipiga kelele, na manjano ya ndani ya picha yakawa kama yamefifia. Nikachukua kifaa cha kunyonya rangi, nikakigusisha pale juu, kwenye ukungu uliokuwa umelalia mlima, nikapata kijivu chenye ubuluu kidogo sana. Nikakiongezea weupe. Maua yakafufuka palepale. Tangu hapo natafuta rangi ya pambizo mahali ambapo mtu hatazami: kwenye ukungu, kwenye vumbi la uwanja, kwenye kivuli cha shati jeupe, kwenye ukuta wa nyuma. Kitenge chekundu cha bibi harusi kiache ndani ya picha, huko ndiko kwake.

Ukiwa na mashaka, tumia weupe wa maziwa. Weupe kamili una taabu yake: printa haitii wino wowote pale, unabaki weupe wa karatasi, na kwenye karatasi ya kung'aa unarudisha mwanga wa taa usoni kwa mtazamaji. Rangi nzito nazo, nyeusi au maruni ya ukuta hadi ukuta, zinakunywa wino na mara nyingi hutoka na michirizi. Mimi hupendelea karatasi isiyong'aa kwa kazi hizi, maana kwa mbali inafanana na kadi. Mapambo ya maua, mioyo na njiwa pembezoni sitengenezi tena, hata mteja akinibembeleza. Namwonyesha picha yake ikiwa na pambizo tupu, na mara nyingi anakubali mwenyewe.

Pambizo pia limeniokoa na picha zinazokuja kwa WhatsApp. Ikitumwa kwa njia ya kawaida, picha hubanwa, na nyingi hunifikia zikiwa na pikseli 1600 tu upande mrefu. Ukigawa kwa 300 unapata inchi 5 na kidogo. Zamani niliivuta hadi ijae fremu ya A4, na nyuso zikawa kama zimepakwa uji. Siku hizi naichapa kwa hizo inchi 5 zake, safi, na pambizo pana linajaza sehemu iliyobaki. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwamba picha ni ndogo. Bora zaidi, mwombe mwenye picha akutumie kama dokumenti, ije na ukubwa wake wote.

Lakini kuna jambo moja ambalo pambizo la kidijitali haliwezi, na wasiolijua wanapoteza picha. Kadi halisi, mbali na uzuri, ilikuwa inaitenga picha na kioo. Lako la kuchapwa halina unene, kwa hiyo karatasi inagusa kioo moja kwa moja. Sehemu za Wilaya ya Rungwe mvua yake hupita milimita 2000 kwa mwaka, na hata hapa mjini kuanzia Desemba nyumba zinanukia unyevu. Karatasi ikipata unyevu inashikamana na kioo kama lebo kwenye chupa. Nimeletewa picha ya kipaimara iliyoganda hivyo, mwenyewe amejaribu kuibandua na nusu ya uso wa mtoto umebaki kwenye kioo.

Dawa yake ni rahisi. Kata vipande vyembamba vya kadibodi, upana wa robo inchi, vizungushe kwenye kingo nne kati ya kioo na karatasi, pale mdomo wa fremu unapofunika. Havionekani, na picha inapata nafasi ya kupumua. Nyuma mwambie fundi aweke hadibodi na azibe mzunguko kwa utepe wa karatasi wenye gundi ili vumbi lisiingie. Usitundike ukuta wa upande mvua inakopiga, wala mkabala na dirisha linaloingiza jua la mchana. Na kama picha yako imeshaganda, usiibandue. Iache ndani ya kioo chake, ipige picha upya ukiwa umesimama kivulini, kisha ndiyo uhangaike na ya zamani.

Faili lako lihifadhi mara mbili: moja lenye leya zake zote, ili kesho mteja akibadilisha fremu usianze upya, na jingine la JPEG la kuchapa.

Yule mama nilimrudishia picha siku ileile, bure. Wote nane wakawemo. Kwa kuwa pambizo la chini lilikuwa pana, nilimuuliza kama angependa majina yaandikwe pale, herufi ndogo za kijivu, kuanzia kushoto. Alivuta kiti akakaa upande wangu wa kaunta. Akawa anagusa skrini kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, ananitajia jina na wa nani, nami naandika. Alipofika kwa mwenye saa ya chuma alitaja majina yake yote matatu, akaniambia niyasome kwa sauti. Nikasoma. Akaniambia herufi moja nimeikosea, nikairekebisha, tukachapa.