Wadogo zangu wa saluni, hizo nywele hazitaki mafuta

Ijumaa iliyopita nilisimama nyuma ya kiti cha tatu nikamtazama mmoja wenu akichota mafuta kwa vidole viwili na kumpaka mteja kwenye ngozi ya kichwa. Nywele za yule mama ni laini, nyembamba, zimenyooka kama uzi. Alikuwa amesema waziwazi kwamba ana shughuli Munyonyo jioni na anataka zijae, zisimame kidogo juu ya paji. Alipofika mlangoni zilikuwa zimelala kama za mtu aliyenyeshewa. Alilipa, akashukuru kwa upole, akaenda zake. Wateja wapole ndio wasiorudi.

Nimeliona jambo hili mara tatu mwaka huu kutoka kwa mikono mitatu tofauti, na yote ni mikono mizuri. Mnasuka mistari inayonishinda mimi niliyewafundisha. Mkipewa kichwa cha kipilipili mnajua kitakacho kabla hamjakigusa. Lakini akiketi Mhindi, Mzungu, au dada wa Kihabeshi mwenye nywele za kuteleza, mnamfanyia yaleyale mliyomfanyia aliyemtangulia. Basi leo nasema kwa maandishi, maana kwa mdomo nimechoka.

1. Jueni kilicho kichwani. Nywele nyembamba na nywele chache ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na nywele laki moja kama watu wengi, lakini kila unywele una unene wa milimita 0.05 hivi, wakati unywele mnene hukaribia 0.1. Shikeni unywele mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada. Msipousikia, huo ni mwembamba.

Sasa fikirini mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa yenyewe. Kwenye nywele zilizojikunja hukwama kwenye kila kona, ndiyo maana ncha zetu hukauka na tunaongeza mafuta kwa mkono. Kwenye unywele ulionyooka hakuna kona. Yanateremka kwa urahisi tangu shinani kuelekea nchani. Mteja wa namna hiyo amekuja na mafuta yake tayari, na mkimwongezea mnamtwisha mzigo.

2. Kondishena ianzie masikioni kwenda chini, kamwe isifike shinani. Na suuzeni mpaka maji yatoke bila utelezi, hata siku ambayo bomba limekauka na tunatumia madumu. Msibanie maji hapo.

3. Pasi ya nywele na koleo la kukunjia havigusi nywele mbichi. Hapa nitakaa, kwa sababu Ijumaa ileile nilimsikia mwingine wenu akisema, "Zimebaki unyevu kidogo tu, pasi itamalizia."

Nilikuja Kampala kutoka Mombasa nikiwa na mkono mwepesi na haraka nyingi. Mwaka wangu wa pili, katika saluni niliyoajiriwa wakati huo, nilipewa bibi harusi wa Kihindi. Nywele zilimfika kiunoni, nyeusi, nyembamba, nzito kwa urefu wake tu. Alitaka mawimbi makubwa yaliyojaa tangu utosini, na gari lilikuwa linamsubiri nje saa kumi. Umeme ukakatika nikiwa katikati ya kumkausha. Jenereta lilipowaka tulikuwa tumepoteza dakika arobaini na mama yake alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama saa. Nilipitisha kiganja juu ya nywele, zikaonekana kavu. Ndani, karibu na kisogo, zilikuwa na ubaridi. Ule ubaridi ni maji. Niliusikia kwa vidole vyangu na nikaamua kwamba sikuusikia.

Niliweka koleo nyuzi 200 ili kufidia muda. Fungu la kwanza lilitoa sauti, tsss, kama tone la maji kwenye kikaango. Nikajiambia ni dawa ya kusetia. La pili likatoa sauti hiyohiyo na mvuke. La tatu nilipofungua koleo lilibaki humo. Kipande cha urefu wa kiganja kilikuwa kimejikunja kwenye chuma, na kichwani palibaki ncha iliyokatika, imekakamaa na kuvimba.

Maji hapa Kampala, kwa mwinuko wetu wa mita 1,200 hivi, huchemka kwenye nyuzi 96. Unywele wenye maji ndani ukibanwa na chuma cha nyuzi 200, maji hayo yanageuka mvuke papo hapo na hayana pa kutokea. Yanachimba mapovu ndani ya unywele, na hapo penye povu ndipo unapokatika. Unywele mnene unaweza kuvumilia kidogo. Mwembamba hauna nyama ya kuvumilia.

Haya niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba hakuna aliyeona. Nikakitia kile kipande kwenye mfuko wa aproni. Nikageuza mafungu ya juu yafunike, nikachomeka gajra ya maua ya asumini pale pale palipokatika, nikamwambia amependeza. Mama yake alinipa bakshishi. Niliipokea.

Baada ya wiki tatu bibi harusi alirudi peke yake. Hakupaza sauti. Aliketi kwenye kiti kile kile, akainamisha kichwa, akagawanya nywele kwa mkono wake mwenyewe nione. Sehemu yote ya kisogo ilikuwa imekatika kwa viwango tofauti, maana yale mafungu mawili ya kwanza nayo yalikuwa yameungua, yakaendelea kukatika kila alipochana. Alikuwa ameyaona mume wake kabla yake. Akaniuliza, "Dada, mbona hukuniambia siku ile? Ningeyakata vizuri nyumbani kwetu." Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Nilizikata hadi mabegani, bure, na alilia wakati zinaanguka sakafuni. Nywele zile mama yake alikuwa amezisuka tangu utotoni.

Kwa hiyo nikisikia "unyevu kidogo tu" napandwa na hasira, na sasa mnajua ni hasira kwa nani. Nywele nyembamba ni nyuzi 150 kushuka chini, zikiwa kavu kabisa mpaka kisogoni. Ukiunguza, sema palepale, mteja akiwa bado kwenye kiti.

4. Kujaa kunatoka shinani na kunakazwa na ubaridi. Maji hulegeza vifungo vidogo vinavyoshika umbo la unywele. Joto linapofukuza maji vifungo vinaanza kujishika upya, na vinakaza unywele unapopoa. Basi povu la kusetia kiasi cha yai, shinani tu. Mteja ainame, kausheni kwa vidole hadi zikaribie kukauka. Kisha mdomo wa draya, brashi ya duara, na kila fungu livutwe juu, kinyume na upande linakopenda kulala. Halafu upepo wa baridi. Kitufe cha baridi kipo kwenye kila draya ya saluni hii na wengi wenu hamjawahi kukigusa. Utosini viringisheni rola kubwa wakati nywele zina moto, na ziachwe zipoe humo. Mnazitoa mapema kwa sababu foleni ni ndefu. Foleni isubiri.

5. Kuchana kinyume: utosini tu, safu mbili au tatu, spreyi kidogo. Mkichana kinyume kichwa kizima mnamwachia mteja kazi ya kufumua usiku, na zitakatika.

6. Msimpunguzie matabaka mengi. Ncha iliyokatwa sawasawa huonekana nene, matabaka mengi huiacha tupu.

7. Mwulize anaondokaje. Mteja wangu mmoja wa Bugolobi hupanda boda, na helmeti hubana kazi yote ndani ya dakika tano. Sasa namfungia utosini rola mbili bapa, anavaa helmeti kwa kuilegeza, anazitoa akifika. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei namwekea spreyi ya mwisho nje mlangoni, maana unyevu wa hewa nao unalegeza vile vifungo.

Jumatatu saa mbili, kabla ya wateja, kila mmoja aje na kichwa chake cha mazoezi, chenye nywele halisi. Mtalowanisha mafungu mawili, mtakausha yote kwa brashi na kuyaviringisha kwenye rola. Moja mtalitoa likiwa moto. La pili mtalisubiri lipoe kabisa, hata kama chai imeshamiminwa. Saa sita mchana mtaniita niyaone yote mawili.